Kupata mkalimani wa Kiswahili katika ofisi za Jiji la New York: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu umetokana na safari nilizofanya na jirani yangu wa Bronx, mama wa makamo mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kufuatilia msaada wa chakula katika ofisi moja ya jiji. Shughuli ya nusu siku ilitumalizia majuma matano. Wakalimani walikuwapo muda wote. Sisi ndio hatukujua namna ya kuwaomba, na tulipowapata hatukujua namna ya kuwatumia.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba ofisi ni ya jiji

Sheria ya Jiji Namba 30 ya mwaka 2017, ambayo ndiyo msingi wa mwongozo huu, inazihusu idara za jiji zinazowahudumia wakazi moja kwa moja, kama vile zinazoshughulikia msaada wa chakula, malalamiko ya nyumba isiyopashwa joto na IDNYC, yaani kitambulisho cha mkazi wa jiji. Leseni ya udereva na mahakama ya nyumba ni mambo ya jimbo, nayo yana utaratibu wake. Uhamiaji ni wa serikali kuu, na katika usaili wa huko kwa kawaida mwombaji huja na mkalimani wake mwenyewe, kwa hiyo asiingie mikono mitupu akidhani kwamba haki ya ofisi za jiji itamfuata hadi huko.

Hatua ya pili: Jua unachodai

Sheria inazitaka idara zitafsiri nyaraka zinazotumika zaidi katika lugha kumi, nazo ni Kihispania, Kichina, Kirusi, Kibengali, Krioli ya Haiti, Kikorea, Kiarabu, Kiurdu, Kifaransa na Kipoland. Kiswahili hakimo. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inataka ukalimani wa simu upatikane katika lugha zisizopungua 100, na hapo ndipo mlango wetu ulipo. Usipoteze muda kuulizia fomu ya Kiswahili. Omba mkalimani wa simu akusomee fomu ya Kiingereza kwa Kiswahili. Huduma hii hailipiwi.

Tangu Machi 2025 nimesikia watu wakisema kwamba haki hii imefutwa. Kilichofutwa ni amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozielekeza taasisi za serikali kuu kuhusu huduma za lugha, wakati Kiingereza kilipotangazwa kuwa lugha rasmi ya Marekani. Sheria ya jiji haikuguswa na tangazo hilo. Karani akikujibu kwamba wakalimani waliondolewa, mwombe kwa upole amwite msimamizi wake.

Hatua ya tatu: Taja lugha, usitaje nchi

Siku ya kwanza mama aliulizwa anatoka wapi, akajibu Kongo, na karani, kwa nia njema kabisa, akampigia mkalimani wa Kifaransa na kumpa karatasi za Kifaransa. Mama hakusoma shule ya Kifaransa, aliitikia „oui” mara kadhaa kwa adabu, na majibu hayo yakaandikwa kwenye faili kana kwamba ameyaelewa maswali. Tangu hapo mimi huwaambia watu waanze kwa sentensi moja tu kabla ya salamu nyingine yoyote: „I need a Swahili interpreter.” Iandike kwenye karatasi, iweke pamoja na kitambulisho, na uionyeshe dirishani. Ukipiga simu 311, namba ya huduma za jiji, usisubiri kusikia Kiswahili katika sauti iliyorekodiwa, subiri mtu akujibu, kisha mtajie neno „Swahili” na ubaki kwenye laini.

Jambo moja ambalo silegezi msimamo: mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake, hata awe anazungumza Kiingereza kama mzaliwa wa hapa. Mimi mwenyewe, ingawa ni jirani ninayeaminiwa, siku hizi nakaa pembeni na kusikiliza tu, kwa sababu nikikosea mimi hakuna rekodi wala mtu wa kuwajibika. Programu za kutafsiri za kwenye simu sizitaki kabisa kwa shughuli hii.

Hatua ya nne: Zungumza na mkalimani kwa namna isiyoacha mwanya

Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi kuliko kwingine, na ningeomba msomaji asiipite haraka hata kama Kiswahili ni lugha yake ya kuzaliwa.

Anza kwa kuandika namba ya utambulisho ya mkalimani, ambayo kwa kawaida huitaja mwanzoni mwa simu. Kisha pimaneni lugha kwa dakika moja. Mtu wa Kivu husema „masomo” akimaanisha shule na „franga” akimaanisha fedha, na mkalimani aliyekulia Mombasa au Tanga huenda asiyazoee matumizi hayo. Mkiona hamwelewani, mwambie karani awabadilishie mkalimani. Ni ombi la kawaida na si matusi kwa mtu yeyote.

Baada ya hapo chunga saa. Miadi ya pili ya mama ilikuwa saa tatu asubuhi. Mkalimani, ambaye nadhani alikuwa amechoka, aliibeba tisa ya Kiingereza kama ilivyo na kusema „saa tisa”, bila kutaja asubuhi wala alasiri. Mama alifika saa nane na nusu mchana, nusu saa kabla ya saa tisa alasiri kama desturi yake, akaambiwa kwamba hakufika na kwamba ombi lake litaanza upya. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni siku ile niliisikia „saa tisa” kwa masikio yangu na sikushtuka, maana kwetu ni saa halali kabisa. Kwa hiyo kila saa itajwe pamoja na sehemu ya siku, mkazi airudie kwa maneno yake, na karani aiandike kwenye karatasi pamoja na AM au PM.

Tarehe nazo zina mtego wake, kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi. Karatasi iliyoandikwa 04/05 inamaanisha tarehe 5 Aprili, wala si tarehe 4 Mei. Mwombe mkalimani ataje jina la mwezi.

Neno „kodi” limewakwamisha wengi. Ukiulizwa „Unalipa kodi?” usijibu kabla ya kuuliza kama ni kodi ya nyumba au kodi ya serikali, kwa sababu fomu za msaada zinaweza kuuliza yote mawili, na jibu la moja likiingia mahali pa jingine, hesabu ya msaada huharibika.

Zaidi ya hayo kuna ukoo. Mama alisema ana watoto sita, akiwahesabu wawili wa marehemu dada yake, kama ambavyo yeyote kati yetu angesema. Nyaraka zake za ukimbizi zilionyesha wanne aliowazaa na wawili aliowalea, na tofauti hiyo ikazua maswali mapya na karatasi mpya. Mbele ya karani eleza nani umemzaa, nani unamlea na nani anakula nyumbani kwako, hata kama kwa masikio yetu maelezo hayo yana ubaridi. Zungumza ukimtazama karani, kwa sentensi fupi, na usimwachie mkalimani kazi ya kufupisha.

Hatua ya tano: Weka kumbukumbu

Daftari la karatasi linatosha: tarehe, ofisi, jina la karani na namba ya mkalimani.

Hatua ya sita: Ukinyimwa mkalimani, lalamika

Piga 311, au 212-639-9675 ukiwa nje ya jiji, sema kwamba unalalamikia huduma ya lugha, na uandike namba ya lalamiko. Kila idara inayohusika ina mratibu wa huduma za lugha, na unaweza kuomba ujumbe wako umfikie.

Hata hivyo, lalamiko halisimamishi muda wa ombi lako. Ikiwa msaada umekataliwa au kupunguzwa, ni lazima uombe usikilizwaji wa jimbo, yaani rufaa dhidi ya uamuzi huo, kando, ndani ya siku 90 kwa msaada wa chakula na siku 60 kwa msaada wa fedha. Anayetaka msaada alioupata tayari uendelee wakati akisubiri uamuzi awahi zaidi, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu tarehe ya barua. Unapoomba usikilizwaji huo, omba na mkalimani wa Kiswahili papo hapo, kwa sababu ofisi ya jimbo haitapata ombi la lugha ulilotoa jijini.