Kumwandaa Brahma mweupe kwa maonyesho: mwongozo wa mfugaji wa Malindi

Jirani mmoja hapa Malindi alinunua Brahma weupe, aina ya kuku wakubwa wenye manyoya miguuni, kutoka bara, akaniomba nimsaidie kuwaandaa kwa maonyesho ya kilimo ya Mombasa, na maswali aliyokuwa akiniuliza ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Ninazungumzia rangi moja tu, ile inayoitwa Light: mwili mweupe, manyoya ya shingo meusi yenye ukingo mweupe, na mkia mweusi. Vigezo ninavyovifuata ni vya American Poultry Association, chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani, vilivyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1874, Brahma wa rangi hii akiwamo. Wafugaji wengi hushughulikia ukubwa wa mwili, kisha wakapoteza alama miguuni, na kwa mazingira yetu ya pwani, yenye mchanga, chumvi na wadudu, miguu ndiyo kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Chagua wazazi

Mshike kuku mkononi kabla ya kumhukumu, kwa maana manyoya ya Brahma ni mengi na huficha mifupa. Mgongo uwe mpana, kifua kiwe kipana na kilichoshuka, na mfupa wa kidari uwe umenyooka. Paji la uso lijitokeze juu ya jicho. Upanga wa kichwani uwe mdogo, wenye safu tatu zilizolala sambamba, ile ya katikati ikiinuka kidogo kuliko zile za kando. Jogoo mkomavu atimize kilo 5.4 na jike kilo 4.3; jogoo asiyetimiza mwaka atimize kilo 4.5 na tembe kilo 3.6. Brahma hukua polepole, kwa hiyo usimchinje kijana wa miezi sita kwa sababu tu amekonda. Jihadhari pia na kuku aliyevimba manyoya na kuwa mviringo kama mpira. Huyo umbo lake limeelekea kwa Cochin, aina nyingine ya kuku wenye manyoya miguuni, hata akiwa mzito kiasi gani.

Wauzaji hupenda kusema kwamba upanga wa safu tatu na miguu yenye manyoya ni ushahidi wa kuku safi. Sikubaliani nao. Sifa zote mbili hutawala katika urithi, na chotara wa kwanza wa Brahma na kuku wa kienyeji huweza kuonyesha zote mbili, ingawa manyoya yake ya miguu kwa kawaida huwa machache. Miguu ya njano inasema zaidi, kwa sababu rangi hiyo haijitokezi mpaka kifaranga airithi kwa baba na kwa mama. Chotara wa kienyeji mwenye miguu myeupe hujifichua hapo. Kipimo hicho hakifai iwapo kienyeji mwenyewe alikuwa na miguu ya njano, na wako wengi. Ukiona kifaranga mwenye upanga mmoja uliosimama, jua kwamba wazazi wake wote wawili wanaubeba, na uwaondoe wote katika uzalishaji.

Kisha pulizia manyoya ya mgongoni hadi uone karibu na ngozi. Watu hudhani kwamba kuku mweupe anapaswa kuwa mweupe hadi chini, lakini kijivu cha rangi ya moshi huko chini ndicho kinachoshikilia weusi wa shingo na mkia. Ukioanisha weupe watupu kizazi baada ya kizazi, shingo za watoto huanza kufifia. Ukioanisha walio na kijivu kizito pande zote mbili, madoa meusi hupanda hadi mgongoni. Mimi hupendelea jogoo mwenye kijivu cha wastani na jike mwenye kijivu chepesi.

Hatua ya 2: Kuoanisha

Jogoo mmoja kwa majike wanne au watano yatosha. Punguza kwa mkasi manyoya laini yanayozunguka tundu la nyuma, kwa jogoo na kwa jike, la sivyo mayai mengi hayatakuwa na mbegu. Kuku uliyempunguza hivyo hafai kuonyeshwa mpaka abadilishe manyoya, kwa hiyo tenga mapema wa kuzalisha na wa kuonyesha. Andika kila ndoa katika daftari na uwavike vifaranga pete za miguu.

Hatua ya 3: Kutotoa

Mayai yasikae zaidi ya siku saba kabla ya kuatamiwa. Napendelea kuku wa kienyeji aliyetulia kuliko mashine ya kutotolea, kwa sababu umeme wetu hukatika na yai haliwezi kungoja urudi. Mwekee mayai manane, kumi akiwa mkubwa, na siku ya 21 utapata vifaranga. Totoa vifaranga wakati wa kusi, kuanzia Julai, ili wapate miezi ya baridi kidogo kabla ya joto la kaskazi. Ulezi wa vifaranga na chanjo ya kideri kila mfugaji anaujua. Nitaongeza ndui tu: ugonjwa huu huenezwa na mbu, ambao sisi hatuna uhaba nao, na huacha makovu kwenye upanga na uso ambayo mwamuzi atayaona. Mwombe daktari wa mifugo achanje kwenye ngozi ya bawa mapema.

Hatua ya 4: Miguu

Kigezo kinataka manyoya yashuke upande wa nje wa mguu na kufunika kidole cha nje na kidole cha kati. Manyoya hayo yawe laini. Yale magumu yanayochomoza nyuma ya goti kama ya tai ni kasoro kubwa kwa Brahma, ijapokuwa zipo aina nyingine za kuku zinazosifiwa kwa hayo hayo. Wapo wanaoyang'oa usiku wa kuamkia maonyesho. Huo ni udanganyifu, na kuku wa namna hiyo huwarithisha watoto kile ulichokificha. Muuze kwa nyama.

Unyoya wa mguu uliokatika hauoti tena mpaka kuku abadilishe manyoya, kwa kuwa shina lake limebaki ndani ya ngozi. Unyoya uliong'oka wote huanza kuota upya na huchukua wiki kadhaa kukamilika. Unyoya mchanga nao una damu ndani ya shina, na ukivunjika kuku hutoka damu, wenzake huona wekundu na kuanza kumdonoa, na kwa siku moja mguu mzima huweza kubaki wazi. Bana jeraha kwa unga wa mahindi, mtenge kuku huyo, na usimrudishe mpaka pakauke kabisa.

Kwa hiyo sakafu ni muhimu kuliko chakula. Mchanga wa ufukweni ni rahisi kuupata, lakini chumvi yake huvuta unyevu, nao hukaa majimaji chini hata juu pakionekana pakavu. Manyoya hushikana, huoza ncha na kukatika. Udongo mwekundu hutia manyoya meupe rangi isiyotoka. Vumbi laini la mbao huingia machoni na puani. Ninachokitumia ni maranda manene ya seremala yasiyotiwa dawa, kina cha kiganja cha mkono, yanayogeuzwa kila asubuhi na kubadilishwa yote yanapoanza kunuka. Chombo cha maji kiwekwe juu ya tofali au wavu, kwa sababu Brahma akinywa hulowesha kidevu na vidole vyake mwenyewe. Kitulio kiwe kipana na chini, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni; kuku mzito akiruka kutoka juu huumia nyayo, na uvimbe wa nyayo huchukua muda mrefu kupona.

Kuna pia utitiri wa magamba. Mdudu huyu huishi chini ya magamba ya mguu, huyainua na kuyafanya yawe na ukoko mweupe. Kwa kuku wa kawaida utauona ukiwa mlangoni. Kwa Brahma umefunikwa na manyoya, kwa hiyo pitisha kidole gumba kutoka goti kwenda chini kila wiki, na gamba lililoinuka utalihisi likikwaruza kabla hujaliona. Chanzo chake mara nyingi ni yule kuku wa kienyeji aliyeatamia. Mkague miguu kabla ya kumpa mayai, mtibu kwanza, na kama magamba yake yameinuka sana tafuta mwingine.

Matibabu ni haya: loweka miguu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua taratibu kwa mswaki laini kufuata uelekeo wa magamba, kausha, kisha paka mafuta ya mgando hadi yaingie chini ya magamba na kumnyima mdudu hewa. Rudia kila wiki kwa wiki kadhaa, maana mayai ya mdudu huanguliwa baadaye, na siku hiyo hiyo badilisha maranda. Usitumie mafuta ya taa wala oili chafu ya gari, hata ukishauriwa na mzee unayemheshimu; huunguza ngozi na kuyaharibu manyoya. Mafuta ya mgando nayo hunasa vumbi, kwa hiyo tiba iwe imemalizika mwezi mzima kabla ya maonyesho.

Hatua ya 5: Weupe wa manyoya

Jua kali huyapa manyoya meupe rangi ya shaba. Banda la makuti lenye kivuli cha kutosha ndilo jibu, na kuku atoke asubuhi na jioni tu. Mahindi ya njano nayo huyapaka manyoya umanjano wakati yanapoota, hivyo tumia mahindi meupe. Mchicha kidogo utasaidia miguu ibaki njano.

Hatua ya 6: Kuosha na kusafiri

Mwoshe siku mbili au tatu kabla. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye matumbawe, ni mazito na yana chumvi, sabuni haitoi povu na masalio yake hubaki ndani ya manyoya. Tumia maji ya mvua. Ndugu zetu wa Lamu wenye jabia, yaani birika la kuhifadhi maji ya mvua, wana bahati. Andaa beseni tatu za maji ya uvuguvugu: ya kwanza ya sabuni laini, ya pili ya kusuuza, ya tatu ya kusuuza yenye siki kidogo. Mshike kifua wakati wote, kichwa juu ya maji, na ukamue manyoya bila kuyasugua. Anza asubuhi mapema ili akauke kivulini penye upepo kabla ya jioni.

Wiki mbili kabla ya safari mzoeze kukaa katika tundu na kushikwa na watu wengine, kwa sababu mwamuzi atamtoa, atapapasa kidari, atafungua bawa na kuhesabu vidole, navyo viwe vinne kila mguu. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 120. Ondoka alfajiri, kila kuku katika kikapu chake chenye hewa na maranda makavu. Akirudi, mtenge na wenzake kwa wiki tatu, na umkague miguu kila wiki kama kawaida.