Kabla ya kumpeleka mtoto shule ya kutwa ya Kikatoliki hapa Malindi

Mtu akisikia mtoto amepata nafasi sekondari ya Kikatoliki, swali la kwanza huwa: "Sare mnashona wapi?" Nami nilianzia hapo hapo. Wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa nilikuwa nimemaliza viatu, begi, kamusi na seti ya jiometri. Wiki ya pili ya muhula nyumba nzima ilikuwa hoi. Tulimwandaa mtoto, hatukuiandaa nyumba. Shule ya bweni hukuchukulia mwana muhula mzima. Ya kutwa hukurudishia kila jioni, ana njaa, ana jasho, ana kazi ya kumaliza kabla ya kesho.

Kwanza, jua shule ni ya nani. Jina la mtakatifu langoni halitoshi. Shule nyingi zenye majina hayo ni za serikali, kanisa likiwa mfadhili tu: walimu wanalipwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, na serikali hutenga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Shule ya binafsi, iwe ya Dayosisi ya Malindi au ya shirika la masista, haipati mgao huo. Mishahara, chaki, maji ya tangi, vyote vinatoka kwenye karo yako. Kwa hiyo omba karatasi ya karo iliyochanganuliwa: chakula cha mchana kimo au hakimo? Basi je? Mitihani? Vifaa vya maabara? Na uliza kama wanakubali kulipwa kwa awamu, maana hapa kwetu mwenye kazi ya hoteli mfuko wake hupanda na kushuka na msimu wa watalii. Kuuliza mapema si aibu. Aibu ni mtoto kurudishwa nyumbani katikati ya muhula.

Masomo nayo yamebadilika. Tangu Januari 2026 wanaotoka Gredi ya 9 huingia Gredi ya 10, sekondari pevu, yenye njia tatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Wa mtaala wa zamani ndio wanamalizia, na mtihani wao wa mwisho wa KCSE ni 2027. Si kila shule inafundisha njia zote tatu. Usiridhike na orodha ya ukutani; omba uonyeshwe maabara, kisha uulize nani anafundisha fizikia na kama amesajiliwa na TSC, kwa kuwa sheria inataka hata mwalimu wa shule ya binafsi asajiliwe. Binafsi nilifungua bomba la maabara nione kama maji yanatoka. Mwalimu aliyetutembeza alicheka, lakini yalitoka.

Sasa tuje kwenye lile linalosemwa kwa kunong'onezana. Sisi ni Waislamu. Bibi yake alipopata habari alikaa kimya kisha akauliza, "Watambatiza?" Nikamwambia, bibi, hata mtu mzima anayetaka mwenyewe kuwa Mkatoliki husomea ukatekumeni kwanza, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo; ubatizo hauji kwa kula maharagwe ya shule. Alicheka, ila swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na jibu hilo linapatikana shuleni, kabla ya kulipa.

Tarajia sala ya asubuhi mstarini, Misa ya kufungua muhula, Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresima, na kipindi cha malezi ya dini wanachokiita PPI. Hicho si somo la mtihani. Elimu ya dini ya kutahiniwa iko upande wa Sayansi ya Jamii, hivyo mtoto wa STEM anaweza kumaliza shule bila kuifanyia mtihani na bado akahudhuria PPI. Anayetaka IRE, elimu ya dini ya Kiislamu, aulize kama kuna mwalimu wake au ni CRE, ya Kikristo, pekee. Uliza pia wasio Wakatoliki hufanya nini wakati wa Misa: hukaa nyuma kimya, au hupewa maktaba? Je, wavulana huruhusiwa kwenda swala ya Ijumaa? Kengele ya Malaika wa Bwana, sala ya Wakatoliki ya mchana, hulia saa sita kamili, na adhuhuri ya Malindi huingia dakika chache hadi kama nusu saa baadaye, kulingana na mwezi. Pakiwa na nia njema, nafasi ya kuswali haikosekani. Lakini ipangwe, isiachiwe mtoto aombe ruhusa kila siku mbele ya wenzake.

Hijabu usiikisie kabisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana kuivaa katika shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na kanisa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa kesi. Kwa mzazi wa kawaida maana yake ni kusoma kanuni za shule yenyewe, na kuomba jibu kwa maandishi. Kalenda nayo iangalie: mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, ni 18 Februari, na Ramadhani inaanza siku hizo hizo. Nusu ya darasa hawali mchana, nusu nyingine wameacha nyama na soda. Muulize mwalimu wa michezo kama anajua.

Wenyeji wa mji huu hawajaanza leo kuulizana mambo ya ibada. Padri Francis Xavier alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, aliandika kwamba mzee mmoja wa Kiislamu alimuuliza kama makanisa ya kwao yanajaa, kwani hapa, kati ya misikiti 17, ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa na watu. Naipenda habari hiyo kwa sababu mzee hakubishana naye. Aliuliza tu.

Nidhamu: sheria ya elimu ya 2013 imekataza kiboko, shule ya kanisa isiwe nje yake. Waulize wanaadhibu vipi, kisha usikilize jibu linakuja haraka au polepole.

Sare nunua kitambaa pale shule inapoelekeza. Mimi nilibana pesa nikanunua dukani kwingine, rangi ikafanana gizani tu, fundi akashona mara mbili. Shona mbili za kubadilisha. Joto la kaskazi halimpi mtoto siku ya pili na shati lile lile.

Njia ipime mwenyewe, siku ya kazi, saa ile ile atakayotoka. Kutoka Barani au Muyeye ni tuktuk. Kutoka Mambrui ni matatu na daraja la Sabaki, na masika yakianza muda wa jana haufai leo. Patana na dereva mmoja unayemjua, umlipe kwa wiki, na mtoto awe na namba yake kichwani. Bodaboda za kubeba watatu zikatae hata kama mmechelewa.

Halafu jioni, iliyotushinda sisi. Mtoto alikuwa akifika saa kumi na moja, chuoni kwa maalimu kusoma Kurani saa kumi na moja na nusu, anarudi baada ya magharibi, ndipo anafungua hisabati huku anasinzia. Tulikwenda kwa maalimu kabla hatujamlaumu mwalimu. Akamhamishia Jumamosi na Jumapili asubuhi, akasema angefanya hivyo toka mwanzo kama tungemwambia. Tukaweka meza pembeni mbali na televisheni, na taa ya sola kwa siku za stima kupotea. Kaka zake wakachukua zamu ya vyombo siku za shule. Chakula cha jioni kikasogezwa kuwa mara tu baada ya magharibi, na babake, aliyezoea kula saa tatu, bado analalamika.