Seva ya nyumbani imechoka? Angalia LUKU kabla ya duka

Kama una kompyuta kuukuu inayofanya kazi ya seva nyumbani (inayotunza mafaili na kuyagawa kwa vifaa vingine), usikimbilie mpya kwa sababu tu inasuasua. Ifungue kwanza. Huku Shangani na Mikindani, Mtwara, upepo wa bahari huja na chumvi na unyevu. Vumbi likigandia kwenye feni, prosesa hupata moto na kujipunguzia kasi yenyewe. Isafishe, badilisha pesti ya prosesa (ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozi chake), uone.

Kisha pima diski kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski. Namba ya Reallocated_Sector_Ct (idadi ya sehemu mbovu ambazo diski imezihamisha) ikizidi kupanda, hamisha picha na nyaraka leo leo, ubadilishe diski peke yake.

Kinachoamua hasa ni umeme unaonunua kwa LUKU. Mashine ya wati 80 ikiwaka usiku na mchana hula karibu uniti 58 kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya wati 15 hula kama 11. Zidisha tofauti hiyo kwa bei unayolipia uniti, kisha kwa miezi 24. Ikifikia bei ya mashine ndogo, nunua. Isipofika, ongeza RAM (ya mtumba inatosha kabisa), na pesa inayobaki inunulie UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika).