Kabla hujaiunga BBS yako na mtandao wa barua

Kuwasha BBS, yaani kompyuta ambayo watu huiingia kwa simu au intaneti kusoma na kuachiana barua, ni kazi ya jioni moja. Unaweka programu, unapamba ukurasa wa kukaribisha wageni, unajiandikisha mwenyewe kama mgeni wa kwanza na kujiachia barua ya pongezi. Hapo ukiharibu, umejiharibia mwenyewe. Mambo hubadilika siku unapoiunga na BBS za wenzako, ili kilichoandikwa kwako kisomeke kwao na cha kwao kisomeke kwako. Kuanzia hapo kosa lako lina miguu. La kwangu lilitembea mbali sana, na lilianza siku niliyodhani ninafanya jambo la busara. Nitafika huko. Kwanza yaliyo mepesi.

Elewa barua inavyosafiri. Tom Jennings alipoanzisha FidoNet, mtandao wa kupitisha barua kati ya BBS, mwaka 1984 akiwa San Francisco, na John Madill wa Baltimore akawa mwenzake wa kwanza upande wa pili, adui alikuwa bei ya simu za masafa. Dawa ikawa kukusanya barua mchana, kompyuta zikapigiana simu usiku bei ikiwa chini, zikakabidhiana furushi na kukata. Baadaye kidogo Jeff Rush wa Dallas akaongeza eko, yaani mazungumzo ya wazi ambayo nakala yake inakaa kwenye kila BBS iliyojiunga. Siku hizi mafurushi mengi yanapita kwenye intaneti, lakini utaratibu ni uleule: pokea, hifadhi, pitisha. Hakuna ofisi kuu ya kulalamikia. Barua ikitupwa njiani, aliyeitupa hana wajibu wa kukuarifu, na mara nyingi hata yeye hajui.

Utakuwa na programu mbili za kuzijua kwa undani. Moja mimi huiita tarishi: inaita kompyuta ya jirani, inakabidhi furushi na kuchukua la kwako. Nyingine ni karani: inafungua furushi, inapanga kila barua kwenye eko yake, na inafunga zile zinazotoka. Jifunze kusoma kumbukumbu za wote wawili. Tarishi akiandika kwamba kazi imekwisha salama, maana yake furushi limefika mlangoni. Kilichotokea ndani ya nyumba ya watu hakimhusu.

Chagua mtandao kwanza, programu baadaye. FidoNet na mitandao midogo ya aina yake, kama fsxNet inayotumia namba 21 mwanzoni mwa anwani zake, inaelewana kwa mafurushi ya namna moja. DOVE-Net, unaojulikana sana kwa watumiaji wa programu ya BBS iitwayo Synchronet, unatumia mafurushi ya namna nyingine, QWK. Karani aliyezoea ya kwanza hatafungua ya pili, hata umbembeleze.

Orodha ya nodi, yaani BBS zilizomo kwenye mtandao, hutoka kila wiki, na wengi hupokea mabadiliko tu badala ya orodha nzima. Mabadiliko hayo yanashika juu ya orodha ya wiki iliyotangulia na si nyingine yoyote. Ukikosa wiki moja, usijaribu kuunga kiraka. Chukua orodha kamili uanze upya.

Nywila: ya tarishi na ya furushi ni vitu viwili. Ya furushi haizidi herufi nane, kwa hiyo usichague methali nzima. Usiitume kwa barua ya mtu kwa mtu ndani ya mtandao wenyewe, maana barua hizo hupita wazi, na kila msimamizi aliye njiani anaweza kuzisoma akitaka.

Milango: tarishi wa intaneti anayetumia utaratibu wa binkp husubiri kwenye poti 24554. Fungua hiyo. Poti 23 ya telnet, ambayo wageni huingilia, ni habari nyingine. Ukiiacha wazi, utagongewa usiku kucha na roboti zinazojaribu nywila za kamera na rauta, na kama BBS yako iko kwenye kompyuta ya zamani, tuseme ya mwaka 1992, haina kifua cha kuhimili rabsha hizo. Weka kompyuta ndogo ya kisasa mbele yake ipokee mafurushi, kisha mzee apewe yaliyochujwa. Wapo watakaokuambia huo si ukale halisi. Waache.

Saa: bodi nyingi za zamani zina betri ya pipa iliyochomelewa, na ikizeeka inavuja na kula njia za shaba. Ing'oe leo. Lakini ukishaing'oa, weka nyingine kwa waya, au uwe na njia ya kuirekebisha saa kila unapowasha, la sivyo DOS, mfumo unaoendesha kompyuta hizo, itaamka ikidhani ni tarehe 1 Januari 1980. Barua zako zitatoka na tarehe hiyo, halafu karani wa jirani anayefuta barua zilizozeeka atazifuta kabla mtu hajazifungua. Kumbuka pia kwamba kwenye furushi la FidoNet tarehe huandikwa kwa maneno, mwaka ukiwa na tarakimu mbili tu. Programu ya kale ambayo haikurekebishwa kwa ajili ya mwaka 2000 itakuletea vituko.

Diski: ukihifadhi kwa mtindo wa MSG, ambapo kila barua ni faili yake, piga hesabu kwanza. Kwenye FAT16, mpango wa faili wa DOS, yenye sehemu ya gigabaiti 2, faili ndogo kuliko zote inachukua kilobaiti 32. Barua ya mistari mitatu, kilobaiti 32. "Asante sana", kilobaiti 32. Barua elfu moja zimemeza megabaiti 32, na ndani yake hakuna hata megabaiti mbili za maneno. Usiwaache tarishi na karani watupie mafurushi yao kwenye shina la diski (folda ya juu kabisa) pia, kwani pale kuna nafasi 512 za majina basi, na zikijaa utaambiwa diski imejaa ilhali iko nusu tupu.

Haya, bekapu. Najua unaweka. Hata mimi niliweka.

Diski yangu ilianza kugonga kak, kak, kak, na kila aliyewahi kuusikia mlio huo anajua ni kilio cha msiba. Nikaitoa, nikaweka kadi ya kumbukumbu na adapta yake, nikarudisha nakala niliyokuwa nayo, ya miezi mitatu nyuma. Watumiaji wakarudi, mipangilio ikarudi, michoro yangu ya kukaribisha ikarudi. Barua za miezi ile mitatu nikazisamehe. Usiku uleule tarishi akapiga hodi kwa habu, yaani mwenye BBS inayozigawia nyingine barua, akapokewa, mafurushi yakapita huku na huku. Nikalala nikijiona fundi.

Wiki ya kwanza ikapita bila hata jibu moja kwa waliokuwa wanaandika kwangu. Barua za nje zilikuwa zinaingia vizuri, watu huko wanabishana kama kawaida, ila hakuna aliyekuwa anatujibu sisi. Nikasema mtandao umepoa, watu wamesafiri. Wiki ya pili mtumiaji mmoja, mzee wa redio za valvu anayeandika kila jioni bila kukosa, akaniachia barua ya faragha: "Mwanangu, kuna neno nimelisema huko likawaudhi watu? Naona siku hizi hawaniitikii." Nikamjibu kwamba hapana, Mzee wangu, ni msimu tu. Nilimjibu kabla ya kuchunguza chochote, na jibu lile linaniuma kuliko yote yaliyofuata.

Siku ya kumi na tisa niliingia kwenye BBS ya mtu mwingine kama mgeni wa kawaida, nikafungua eko ileile. Barua zetu hazikuwepo. Hata moja.

Kilichotokea ni hiki. Kila barua inabeba mstari uliofichwa unaoitwa MSGID: anwani ya BBS ilikotoka, na namba ya mfululizo ya herufi nane. Kanuni inasema BBS moja isirudie namba ndani ya miaka mitatu, kwa sababu makarani wengi hutumia mstari huo kutambua nakala za ziada. Karani wangu alikuwa akichukua namba kutoka kwenye faili dogo sana linalohesabu moja, mbili, tatu. Faili hilo nalo lilikuwa ndani ya bekapu. Nilipoirudisha, hesabu nayo ikarudi miezi mitatu nyuma, na kila barua mpya ikatoka na namba ambayo habu alikwishaiona kwenye barua nyingine ya kwangu. Karani wake akafanya anachopaswa kufanya: hii nimeshaipokea, tupa. Hakuna kengele iliyolia popote, kwa sababu kwenye mitandao hii nakala za ziada ni jambo la kila siku, na kuzitupa kimya ndiyo adabu.

Kutibu ilikuwa kusogeza hesabu mbele kabisa, dakika moja. Laiti ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na aibu ya yule mzee, nikataka barua zote zilizopotea ziende usiku uleule. Nikaandika programu fupi ya kuzivua namba za zamani na kufuta alama ya "imeshatumwa", nikaielekeza kwenye eko nzima. Sikuichuja kwa anwani. Ikavua barua zetu na za wengine wote pamoja, karani akazipa namba mpya, tarishi akaziondoa. Zaidi ya barua 1,900 za watu, mabishano yaliyokwisha zamani na salamu za sikukuu iliyopita, zikaingia tena kwenye kila BBS zikionekana mpya, mlangoni zimeandikwa jina langu. Kwa modemu ya zamani ningewahi kuchomoa waya. Kwa intaneti ilikwisha kabla sijaelewa kwa nini namba kwenye kioo inazidi kupanda.

Habu akanikatia kiungo, kwa haki kabisa. Kuomba radhi nililazimika kuingia tena kwenye BBS ya watu kama mgeni, maana yangu haikuwa na njia ya kutoa hata neno moja.

Kwa hiyo sikiliza. Jua karani wako anatoa wapi namba zake: faili, saa, au vyote viwili. Andika mahali hesabu ilipofika, tena nje ya kompyuta hiyo. Ukirudisha bekapu yoyote, sogeza hesabu mbele kwa makumi ya maelfu kabla tarishi hajaruhusiwa kutoka. Hifadhi pia kumbukumbu ya barua zilizokwisha kupokelewa, maana bila hiyo wewe ndiye utakayekubali nakala za ziada na kuzigawa kwa wanaokutegemea. Kisha andika barua moja kwenye eko ya majaribio na ukaisome kwa jirani, kwa macho yako. Na ukitaka kutuma upya kitu chochote, hesabu kwanza kitatoka kiasi gani, halafu muulize habu. Kama namba inakushtua wewe, itamshtua na yeye.

Usichukue eko moja kutoka kwa habu wawili ukidhani unaongeza usalama. Unatengeneza duara, na mistari ya SEEN-BY inayozuia barua kuzunguka haiaminiki kila mahali, hasa mtu mmoja njiani akiwa na programu inayoifuta.

Herufi nazo. Sisi tunaoandika Kiswahili tumebahatika, herufi zetu zote zimo kwenye ASCII, seti ya msingi ya herufi za kompyuta. Usijisahau kwa sababu hiyo. Programu fulani za zamani huchukua baiti 8D kuwa mwisho wa mstari usio rasmi na kuifuta, na kwenye CP866, seti ya herufi ya Warusi, baiti hiyo ndiyo herufi yao Н. Warusi wa FidoNet walizoea kuandika H ya Kilatini mahali pake ili maneno yasifike yamepungua. Hakikisha karani wako hagusi maandishi yanayopita tu, na kwamba barua zako zinataja seti ya herufi zinazotumia.

Mengine ni ya kawaida, ila watu huyasahau. Soma kanuni za mtandao kabla ya kuomba anwani. Kila eko ina msimamizi wake, mwombe radhi mapema. Ukisafiri, mwambie habu, barua zako zisirundikane kwake. Kama una laini ya simu na uko kwenye orodha kama nodi ya wazi, heshimu saa ya barua ya kanda yako: 09:00 hadi 10:00 UTC kwa Amerika ya Kaskazini, 02:30 hadi 03:30 kwa Ulaya, na muda huo usiruhusu wageni kuingia. Achia mtu unayemwamini nywila na maelezo ya kuzima kila kitu kwa utaratibu, maana kuna nodi zimekaa mwaka mzima zikipokelewa mafurushi na hakuna wa kuyafungua. Usibadilishe toleo la programu siku ambayo huna muda wa kukaa nayo. Na kama bado unatumia modemu halisi, chomoa waya wa simu radi ikianza.