Mathenge kando ya kisima: usikate tu, chimbua

Kama uko Baringo, Turkana, Garissa ama Tana River na kisima chenu cha laga, yaani mto wa msimu, kinashuka kila kiangazi, angalia kwanza kilichoota kando yake. Mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis), ilipandwa Baringo miaka ya 80 kuzuia jangwa, na kweli mchanga ilizuia, lakini mizizi yake inafuata maji mbali sana, huko Arizona mzizi wa jamaa yake ulipatikana mgodini zaidi ya mita 50 chini. Mgunga kiangazi kikizidi unapunguza majani, mathenge inabaki kijani tu wakati nyasi zote zimeisha, na hio kijani inatoka kwa maji ya chini.

Pima kabla hujashika jembe. Chagua siku hakuna mtu anachota, funga jiwe kwa kamba, shusha alfajiri mpaka liguse maji alafu piga fundo pale kamba imefika mdomo wa kisima. Rudia jioni. Ukikuta maji yameshuka vidole viwili, na kesho alfajiri yamepanda tena, hio ni dalili kubwa miti inakunywa, manake inavuta mchana jua likiwaka na usiku inatulia.

Sasa kukata. Mimi mara ya kwanza nilikata kwa panga usawa wa goti nikaona nimemaliza, mvua moja tu kisiki kikatoa machipukizi mengi kuliko matawi niliyotoa. Chimba na sururu kuzunguka shina, kina kama futi moja, ukate mzizi chini ya pale shina linaanzia, machipukizi yanatokea hapo juu. Na vaa buti jamani, ule mwiba unapita hadi akala.

Fanya kabla maganda hayajaiva. Mbuzi akila maganda mazima mbegu zinatoka na mavi zikiwa hai, na ile sukari inaoza meno, ndio maana 2006 watu wa Baringo walipeleka mbuzi asiye na meno kortini Nairobi kama ushahidi. Lakini ukiyaokota ukayakausha ukasaga mpaka mbegu zivunjike, ni chakula kizuri sana cha mifugo.

Ukingo wa laga usiusafishe wote siku moja, mafuriko yatabeba udongo, enda kipande kwa kipande na upande nyasi nyuma yako. Mbegu zinakaa ardhini miaka, kwa hivyo kila baada ya mvua, udongo ukiwa laini, pita uking'oa miche michanga kwa mkono.