Jiko la pumba za mbao kwa baridi ya Makete na Mufindi

Juni na Julai sakitu ikitanda shambani, usiingize jiko la mkaa chumbani ukalala nalo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na humuua mtu usingizini. Jiko la kuota ndani ya nyumba lazima liwe na bomba la moshi. Likishapata bomba, pumba za mbao zinazorundikana kwenye mashine za Mafinga ni kuni nzuri sana.

Mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze kasha la bati nene la milimita 2, lenye mfuniko unaobana, mlango mdogo wa hewa chini na bomba la inchi 4 linalopita juu ya paa. Bomba likae nusu mita mbali na mbao za kenchi. Ndani ya kasha huingia debe la lita 20 lililotobolewa tundu la sentimita 6 ubavuni, karibu na kitako, likielekea mlango wa hewa.

Pumba za mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Zianike juani siku kadhaa, ukizigeuza, mpaka ukizifumbata zimwagike zenyewe. Zikiwa na unyevu hutoa moshi mwingi, na lami ya misindano huganda bombani.

Simamisha mti laini wa unene wa sentimita 5 katikati ya debe, na mwingine upite tunduni ukutane nao. Jaza pumba kidogo kidogo, kila tabaka la sentimita 5 ulishindilie kwa nguvu. Hapa ndipo wengi hukosea: wakishindilia kivivu, shimo huporomoka na moto huzimika. Ukimaliza, zungusha miti taratibu huku ukiichomoa.

Washa kwa chini, kwa magunzi makavu mawili na karatasi. Ukiwasha saa 11 jioni, debe huwaka kwa muda wa saa 4 hadi 6, likaisha kabla hujalala. Dirisha liachie upenyo. Jiko likiwaka usilitikise, wala usimwage pumba kavu juu yake: vumbi hulipuka moto usoni.

Pumba za mpunga za Mbarali nazo zinafaa, ila majivu yake ni karibu sehemu 1 kwa 5, hivyo changanya nusu kwa nusu na za mbao. Magunzi peke yake huwaka kwa kasi na kuisha upesi. Koni za misindano zitumie mbili tatu za kuwashia tu, kwa sababu ya utomvu.

Vipande vya nguzo na mbao za kijani zilizotiwa dawa usivichome kabisa, hata kama ni vikavu. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki. Sehemu hutoka na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu ambayo mtu anaweza kuyamwaga bustanini kwenye mboga. Plastiki na mbao za kubandikwa kwa gundi nazo ziache.

Gonga bomba na utoe masizi kila wiki 2.