Kupanga Mtaa wa Pamoja Karibu na Mwalo wa Kirumba, Mwanza
Anza na mwendo, kwa sababu mtaa ambao waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda na magari hutumia uso mmoja hauwezi kuwa salama magari yakizidi kilomita 20 kwa saa. Kibao pekee hakitoshi: bana njia kwa miti na viti, na uinue makutano. Mhandisi Mholanzi Hans Monderman aliondoa taa za barabarani huko Drachten, mji wa Uholanzi, ili watu watazamane na kupeana njia, lakini asiyeona hawezi kutazamana na dereva. Kwa hiyo, na hili kwangu halina mjadala, mwachie ukanda wa vigae vyenye vinundu anavyovitambua kwa fimbo, usiozibwa na meza za wachuuzi wala mikokoteni ya dagaa. Mitaro ifunikwe kwa vyuma ambavyo nafasi zake zinakatiza mwelekeo wa baiskeli, gurudumu lisizame.